Tugawe kwanza, ndipo tuchague
Maneno ya mtunza kese kwenye mkutano mkuu, mbele ya kura ya kununua mashini ya kusaga

Prezida amenipa dakika kidogo kabla ya kura. Nitasema juu ya zile mashini mbili, lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana mtu asiyekubali kosa lake hafai kutunza feza za wenzake.

Mwaka jana tulitafuta boti ya kupeleka muhogo wetu sokoni. Wenye boti wawili walikuja. Wa kwanza alisema: kila gunia 3,000 franka, basi. Wa pili alileta karatasi yenye jedwali:

Gunia 1: 7,000 franka
Gunia 2: 9,000 franka
Gunia 5: 15,000 franka
Gunia 10: 25,000 franka

Mimi niliangalia mstari wa mwisho tu. Gunia 10 kwa 25,000, wakati kwa yule wa kwanza ingekuwa 30,000. Nikawaambia: tuchukue huyu wa pili, ni rahisi. Mulipiga makofi, tukafunga mapatano.

Kisha soko, mama mmoja akaja kwangu nyumbani. Hakupandisha sauti. Alisema: "Mwanangu, miye sinaga gunia kumi. Niko na mbili tu. Nimelipa 9,000. Yule mwingine angeniomba ngapi?" Nikahesabu: 6,000. Nikanyamaza. Ile 3,000 iliyozidi ilikuwa chumvi na sabuni za nyumba yake.

Wandugu, wengi hapa tuko sawa na huyo mama: gunia moja, mbili, tatu. Wenye gunia kumi, tukisema kweli, njo sisi wachache wa komite. Bei ile ilitufaa sisi, na wengi wakalipia. Mwenye boti hakudanganya, kila mstari wa karatasi yake ulikuwa kweli. Mimi njo sikugawa.

Kugawa ni nini? Ni kuuliza: kimoja ni ngapi? Chukua feza zote, gawa kwa idadi ya magunia. Mstari wa gunia 1 unatoa 7,000 kwa gunia. Wa gunia 2 unatoa 4,500. Wa gunia 5 unatoa 3,000, hapo boti zote mbili ziko sawa. Wa gunia 10 unatoa 2,500. Sasa kila mtu anaona: chini ya gunia 5, boti ya kwanza ni rahisi. Juu ya 5, ni ile ya pili.

Juu ya nini bei ya kimoja inabadilika hivyo? Kwa sababu ndani yake mumefichama 5,000 ya kuandikisha jina, ambayo unalipa hata kama uko na gunia moja. Baadaye ni 2,000 kwa kila gunia. Vijana wetu wanaosoma sekondari walituchorea grafiki ya boti hizi. Mstari wa boti ya kwanza unaanza kwenye kona, kwenye sufuri. Wa pili unaanza juu, kwenye 5,000. Mukiona grafiki ya bei haianzi kwenye sufuri, mujue kuna kitu unalipa mbele ya kupata chochote. Hapo usigawe mstari mmoja ukasema umemaliza. Tafuta mstari ulio sawa na mzigo wako wewe.

Tena hesabu hii si mpya kwetu. Sisi tuliopita Nyarugusu na Lugufu tulikuwa mafundi wake. Siku ya kugawa chakula, tuseme familia ya watu 4 imetoka na kilo 12 za unga, na ya watu 6 imetoka na kilo 18. Hakuna aliyelia kwamba 18 ni mingi kuliko 12. Kila mtu alijua: ni kilo 3 kwa kichwa. Lakini ile ya watu 6 ikitoka na kilo 15, kelele ilianza mbele gunia halijafungwa, maana kichwa kimoja kimepata 2 na nusu. Hata bibi asiyejua kusoma alikuwa anagawa. Tumerudi nyumbani, tusiache akili ile ng'ambo ya ziwa.

Sasa tuje kwa mashini. Wauzaji wote wawili wanaomba bei moja ya kununua. Kinachobaki ni mazutu: lita moja inasaga kilo ngapi za muhogo mkavu? Muuzaji wa kwanza alitupa jedwali:

Lita 2: kilo 90
Lita 4: kilo 180
Lita 6: kilo 270

Muuzaji wa pili alileta grafiki kubwa ya rangi, ile iliyotundikwa ukutani. Mstari wake unapanda kama mlima. Nilisikia wengi wakisema: "Hii iko na nguvu, angalia inavyopanda!"

Mulima wa karatasi hausagi muhogo. Tuisome polepole. Ukingo wa chini unahesabu lita, ukingo wa kushoto unahesabu kilo. Kwenye lita 5, mstari unafika kilo 200. Gawa: kilo 40 kwa lita. Turudi kwa jedwali: 90 kwa 2 ni 45. 180 kwa 4 ni 45. 270 kwa 6 ni 45. Mistari yote inatoa namba moja, kwa hiyo humu hakuna kitu kilichofichama. Mashini ya jedwali inashinda kwa kilo 5 kila lita.

Basi ule mlima ulitoka wapi? Kwenye hatua za ukingo. Kwake kila mraba ni kilo 20, kwa hiyo kilo 200 zinapanda miraba 10. Vijana walipochora ile mashini ya kwanza kwenye daftari walitumia kilo 50 kwa mraba. Kwenye lita 5 inafika kilo 225, lakini ni miraba 4 na nusu tu. Macho yanaona ndogo. Jana usiku tulizichora zote mbili kwenye karatasi moja, hatua zile zile. Muje muangalie hapa mbele: ya kwanza njo iko juu.

Mtu atasema, kilo 5 ni kitu gani? Tuseme wanamemba wote tunasaga kilo 1,800 kwa wiki. Mashini ya kwanza inakunywa lita 40. Ya pili lita 45. Ni lita 5 kila wiki, na mwaka uko na wiki 52: lita 260. Tukihesabu lita kwa 4,000 franka, ni 1,040,000. Hizo zinaweza kuingia kwenye kese nyekundu, ile inayotusaidia kwa ugonjwa na msiba. Munajua wenyewe mara ngapi mwaka huu tumeifungua tukakuta haitoshi.

Lakini namba zote hizi ni za wauzaji. Ndiyo maana naomba kura ingoje wiki moja. Kila kikundi kitume mtu mmoja, na wawili kati yao wawe watu wa gunia moja au mbili. Tupeleke muhogo wetu wenyewe kwa kila mashini, tuweke lita 2 za mazutu, tusage mpaka ziishe, tupime unga kwenye mizani moja. Tusipime huku kwa kilo na kule kwa kopo. Kisha tugawe mbele ya watu wote.

Yule mama amekaa pale nyuma. Nimeshamuomba msamaha nyumbani kwake, leo namuomba mbele yenu. Na safari hii, yeye njo atashika mizani.