Mgomo Baridi: Vipindi Visivyofundishwa Katika Shule za Mbeya na Iringa



Mliniomba nizungumzie migomo ya shule na ubora wa elimu nyakati za mivutano ya siasa. Nitaanzia Jumatatu ya tarehe 30 Julai 2012, siku walimu walipoanza mgomo, kwa kuwa baadhi yenu mlikuwa kazini siku hiyo, na kwa kuwa mgomo ule bado tunauhesabu vibaya. Tukiuliza ulichukua muda gani, tunajibiwa siku nne. Ninachotaka kusema leo ni kwamba siku nne zile hazikuwaumiza watoto wetu kama miezi iliyofuata, walimu walipokuwa wamesharudi shuleni.

Julai hadi Septemba 2012

Chama cha Walimu Tanzania, chini ya rais wake Gratian Mukoba, kilidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na asilimia 50 kwa walimu wa sanaa, pamoja na asilimia 30 kwa wanaofundisha katika mazingira magumu. Aliyewahi kumtembelea mwalimu wa Makete mwezi wa saba, sakitu imetanda juu ya majani ya viazi, hana haja ya kuuliza mazingira magumu ni yapi. Serikali ilikwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Alhamisi ya tarehe 2 Agosti mahakama ikatamka kwamba mgomo si halali, walimu wakaamriwa kurudi kazini.

Katikati ya siku hizo kulikuwa na jambo ambalo wazee wa shule wanalikumbuka: katika baadhi ya miji wanafunzi wenyewe waliingia barabarani kudai walimu wao. Mtoto wa shule ya msingi anayeandamana ili afundishwe ni habari nzito kuliko madai yote niliyoyataja, lakini tuliijibu kama suala la usalama, tukaishia hapo.

Mwaka wenyewe ulikuwa umechafuka. Madaktari walikuwa wamegoma, na mwishoni mwa Juni kiongozi wao, Dk Stephen Ulimboka, alitekwa na kuteswa. Huku kwetu majimbo ya Mbeya Mjini, Iringa Mjini na Mbozi Magharibi yalikuwa mikononi mwa chama cha upinzani, CHADEMA, tangu 2010, na vurugu za wamachinga na polisi pale Mwanjelwa mnamo Novemba 2011 hazijasahaulika. Katika hali hiyo mwalimu aliyebaki nyumbani alitazamwa kwanza kama mtu wa chama fulani. Deni lake la likizo na daraja alilocheleweshewa vilikuja baadaye, kama vilikuja.

Tarehe 26 Agosti ikaja sensa, na walimu wengi ndio waliokuwa makarani. Mikutano ya siasa ilizuiwa kupisha kazi hiyo. Tarehe 2 Septemba, kijijini Nyololo wilayani Mufindi, polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA waliokusanyika kufungua tawi, mwandishi wa habari wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa. Mwezi huohuo watoto wa darasa la saba, wa Nyololo wakiwamo, waliketi kufanya mtihani wa taifa. Muhula wa mtoto wa Nyololo ulikuwa na mgomo, sensa na msiba wa kisiasa, vyote ndani ya wiki chache. Kwenye rejesta ya mahudhurio, hata hivyo, anaweza kuonekana hakukosa siku nyingi.

Kilichoandikwa kwenye shajala

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Rejesta inatuambia mtoto alikuwapo. Kitabu cha mahudhurio cha walimu kinatuambia mwalimu alisaini saa moja na nusu asubuhi. Hakuna kati ya viwili hivi kinachotuambia kama kipindi kilifundishwa. Kinachoweza kutuambia ni shajala ya darasa, lile daftari analolishika monita, lenye safu ya kipindi, somo, mada na saini ya mwalimu.

Ukitaka kujua mgomo baridi ulivyo, yaani mwalimu kuwapo shuleni bila kufundisha, omba shajala usome kurasa za wiki moja. Utakuta Jumatatu kipindi cha pili, Hisabati, monita ameandika "hakuingia." Jumanne somo lilelile limeandikwa "notisi," maana yake mwalimu alimpa monita daftari anakili ubaoni, yeye akarudi ofisini. Kisha angalia saini. Katika shajala nyingine saini za siku tano zina wino mmoja na mkono mmoja wenye haraka, zimepangana wima: zilitiwa Ijumaa saa nane, mwalimu wa taaluma alipopita kukusanya. Ukilinganisha na azimio la kazi unaona mada ya Machi bado haijaguswa Juni. Mwalimu huyo hajagoma, kisheria. Yupo, amevaa vizuri, andalio la somo liko mezani.

Sisemi hivi kumsengenya mwalimu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi haki ya kugoma baada ya usuluhishi kushindikana, kura kupigwa na mwajiri kupewa notisi ya saa 48. Kwenye karatasi njia ipo. Lakini mgomo uliopangwa Oktoba 2008 ulizuiwa na mahakama kabla haujaanza, na ule wa 2012 ukazimwa siku ya nne. Mtu aliyefungiwa mlango mara mbili hujifunza kutotoa notisi. Anapunguza kasi, na hakuna mahakama inayoweza kuzuia hilo.

Wenzetu wa Kenya walikuwa na mgomo wa wazi Septemba 2015, karibu wiki tano. Ulikuwa mchungu, lakini angalau kila mzazi alijua mtoto wake amekosa nini na kwa muda gani, na shule zilipofunguliwa mjadala wa kufidia ulianza na idadi inayojulikana. Sisi hatuna idadi hiyo. Kwa maoni yangu hilo ni baya kuliko mgomo wenyewe.

Matokeo ya 2012

Itanibidi niwe mwangalifu hapa, kwa sababu kwenye semina kama hizi huwa tunarahisisha. Februari 2013 Waziri wa Elimu Shukuru Kawambwa alipotangaza matokeo ya kidato cha nne, watahiniwa zaidi ya 240,000, yaani takriban sita katika kila kumi, walikuwa wamepata sifuri. Wengine walisema: ni mgomo. Wengine: ni shule za kata na walimu wa voda fasta, waliotoka kidato cha sita wakapigwa msasa wa wiki chache wakapewa chaki. Tume aliyoiunda Waziri Mkuu Mizengo Pinda chini ya Profesa Sifuni Mchome ilitazama mambo mengi, likiwamo badiliko la namna Baraza la Mitihani lilivyopanga alama. Tarehe 3 Mei 2013 William Lukuvi, mbunge wetu wa Ismani, ndiye aliyesimama bungeni kutangaza kwamba matokeo yanafutwa na kupangwa upya. Kiwango cha kufaulu kikapanda kutoka asilimia 34.5 hadi 43.08, na mtoto hakuwa ameongeza hata sentensi moja katika alichokijua.

Siku nne haziwezi kuzaa sifuri laki mbili na nusu. Vipindi vya miaka minne visivyoingiwa vinaweza kuchangia sana. Mwanzoni mwa 2012, kabla ya mgomo wowote, wizara yenyewe ilikuwa imekiri kwamba wanafunzi takriban 5,200 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Watoto hao waliandikwa kwenye rejesta kwa miaka saba katika shule zilizokuwa wazi kila siku.

Nani analipa

Kuna jambo la Kongo ninalopenda kulitaja tunapozungumzia fidia ya vipindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Zaire iliposhindwa kuwalipa walimu na migomo ikaendelea, wazazi wa Bukavu, Goma na kwingineko walianza kumlipa mwalimu wenyewe ili shule isife. Ilionekana hatua ya muda. Ikageuka mfumo. Elimu ya msingi ya bure ilirudishwa Septemba 2019, karibu kizazi kizima baadaye, na hata hapo migomo ya walimu wa Kivu haikuisha.

Sisi tuna twisheni. Mwalimu asiyeingia kipindi cha nne asubuhi ndiye huyohuyo unayemkuta saa kumi jioni kwenye banda la Soweto au Sae jijini Mbeya, anafundisha mada ileile kwa bidii ambayo ingekutoa machozi. Mzazi wa mjini analipa. Mzazi wa Mufindi anayechuma chai hana cha kulipa, na binti yake aliyeona miaka mitatu ya "hakuingia" anasikiliza kwa makini anapokuja mtu kutafuta wasichana wa kazi za ndani Dar es Salaam. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada na michango. Gharama hii ya pembeni haukuigusa.

Ninachopendekeza

Kwanza tutenganishe madai na vyama, na hilo linaanzia halmashauri. Sehemu kubwa ya kinyongo cha mwalimu haihitaji Dodoma: malipo ya uhamisho, nauli za likizo, barua ya kupanda daraja iliyolala kwenye meza fulani. Posho ya madaraka iliyoanza kulipwa, Sh 200,000 kwa mwalimu mkuu wa msingi na Sh 250,000 kwa mkuu wa sekondari, iliwatuliza viongozi wa shule. Mwalimu wa darasani aliiona ikipita mlangoni. Afisa utumishi akija shuleni kila muhula na orodha ya madeni ya kila mwalimu, akaisoma mbele yao, mwanasiasa wa upande wowote atakuta hoja yake imepungua uzito.

Pili, shajala isomwe kwenye kamati ya shule. Najua baadhi yenu mmeanza kunung'unika. Mtaniambia monita ni mtoto, ataogopa viboko, au ataandika uongo kwa mwalimu asiyempenda. Ni kweli. Ndiyo maana naomba isomwe kwa somo tu, bila jina la mwalimu: Hisabati darasa la sita, vipindi vilivyopangwa muhula huu, vilivyoingiwa, vilivyopewa notisi tu. Wazazi wa Rungwe wanaohesabu magunia ya viazi hadi gunia la mwisho wataelewa jedwali hilo kuliko ripoti yoyote ya uthibiti ubora.

Linabaki swali ambalo sijalipatia jibu, na ningependa tulitumie kikao cha mchana. Mwalimu mkuu anayetakiwa kukusanya takwimu hizi ndiye anayegawa vipindi, ndiye anayeandika taarifa za walimu wake, na mara nyingine naye anadai. Je, shajala ikabidhiwe kwa afisa elimu kata, kwa mwenyekiti wa kamati, au ibaki ofisini na nakala itoke nje? Nimeleta fomu ya majaribio ya ukurasa mmoja. Walimu wakuu wa Mbeya wakae meza ya kushoto, wa Iringa ya kulia, na wajumbe wa kamati wagawanyike pande zote mbili ili wasikae peke yao.