Mchango Hauishi Pale Unapopokelewa

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya watumishi wa serikali na walimu.)



Nimeombwa nizungumzie michango ya maafa. Sikuja kuwahimiza mchange. Katika nchi yetu haja hiyo haipo: tetemeko likipiga au mto ukifurika, karatasi ya majina huzungushwa ofisini kabla ya saa nne asubuhi, na makampuni nayo hupanga foleni yakiwa na hundi za mfano zenye ukubwa wa mlango. Hundi hizo hupigwa picha. Mabati yakipauliwa, wapiga picha huwa wamekwisha kuondoka. Mimi nataka tuzungumzie kinachofuata baada ya picha.

Tukumbuke Kagera. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa huo, likaua watu 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Shule ya Sekondari Ihungo iliharibika vibaya mno. Wafanyakazi, makampuni na mabalozi walichanga mabilioni ya shilingi. Hazikupita wiki tatu, Rais Magufuli akawafukuza kazi watumishi wakubwa mkoani humo kwa tuhuma ya kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la kamati halali ya maafa. Kisha, Januari 2017, akiwa huko huko Kagera, Rais alieleza kwamba fedha za michango zitajenga upya majengo ya umma, na kwamba kila mwananchi ajijengee nyumba yake.

Naomba nieleweke. Uamuzi ule ulikuwa na hoja nzito, maana darasa moja husomesha watoto wa kaya nyingi kwa miaka mingi. Lakini mwalimu wa Songea aliyetoa shilingi elfu kumi huenda alidhani anampelekea bati bibi kizee wa Bukoba. Kujenga shule hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kutaja shabaha baada ya kukusanya.

Jambo hili humgusa mfanyakazi kuliko kampuni. Kampuni hutoa katika faida, na hupata jina. Mfanyakazi hutoa katika mshahara uliokwisha gawanywa kwa kodi ya nyumba, ada na mkopo. Tena mara nyingine hatoi, hukatwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka mipaka ya makato, lakini sote twajua jinsi waraka wa mkuu wa idara unavyosomwa. Asiyetia saini huonekana hana utu. Mchango wa namna hiyo ni kodi isiyopitishwa na Bunge, na mtu aliyekatwa kwa hofu haulizi fedha zimekwenda wapi. Hapo ndipo mwizi hupata nafasi yake.

Hanang palikuwa na tofauti. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe ya mlimani yaliporomokea Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Waathirika walijengewa nyumba zaidi ya 100, na mchangiaji akitaka anaweza kwenda kuzihesabu.

Basi karatasi ijayo iandikwe juu yake fedha zinakwenda kununua nini, na kupitia akaunti ipi. Majina ya waliotoa yakibandikwa ubaoni, stakabadhi ibandikwe pembeni. Na baada ya miezi sita mweka hazina asimame katika kikao cha wafanyakazi, kabla ya kufika kwenye mengineyo, asome hesabu.