Siku moja kwa marehemu wetu wote



Mwisho wa Januari 2025 vita vilifika Goma. Watu wengi walizikwa haraka pale ITIG. Familia nyingi hazikupata misa wala dua. Februari kambi za Bulengo na Lushagala zikavunjwa, tukarudi Masisi na Rutshuru, makaburi yakabaki nyuma.

Ndiyo maana tunaomba parokia, makanisa na misikiti tuwe na siku moja ya ukumbusho. Hatuchanganyi dini, hapana. Kila mutu ataomba kwa namna yake, lakini mahali pamoja. Tulipopita kwa viongozi, ubishi ulikuwa nani aanze. Mama mmoja akasema: "Muanze na majina." Tunayakusanya sasa, muandikishe ya watu wenu.