Kidonge cha Maumivu kwa Mwenye Upungufu wa Chembe Sahani

Msikilizaji wa Lwiro na Bukavu, malaria inapompata mtu, mara nyingi hupunguza chembe sahani za damu yake, zile ambazo maabara huziita plakete. Mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 400,000 hivi katika mikrolita moja ya damu, nazo ndizo zinazoziba mshipa uliochanika. Basi mwenye upungufu huo akiumwa kichwa na viungo, asianze kuuliza kidonge kipi kina nguvu. Aulize kipi hakitazidhuru zile chache alizobaki nazo.

Aspirini huzidhuru. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kuwa dawa hiyo huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, na kwa kazi hiyo akashiriki Tuzo ya Nobel ya 1982. Kwa njia hiyohiyo, chembe sahani hushindwa kushikamana na wenzake. Na kwa kuwa haina kiini cha kujitengenezea upya, hubaki hivyo hadi ife, siku 7 hadi 10. Ibuprofeni na diklofenaki huachia mapema zaidi, lakini nazo huumiza ukuta wa tumbo, mahali damu huweza kuvuja bila mtu kujua. Tena wengi huiamini sindano kuliko kidonge, ilhali damu isiyoganda vizuri yaweza kujaa ndani ya msuli uliochomwa. Kwa hatari hiyo ya kutoka damu, Shirika la Afya Duniani linawaonya wagonjwa wa homa ya dengi, ambayo nayo hupunguza chembe sahani, dhidi ya aspirini na ibuprofeni.

Inabaki parasetamoli. Wapo wanaosema ni dhaifu, na wapo wanaosema inaua ini. Hao wa pili wana haki ya kuogopa, ila kinachoua ini ni kuzidisha. Kwa mtu mzima ni gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Mnywaji wa pombe kama kasiksi, mwembamba sana au mwenye ini bovu apewe kidogo zaidi, na mtoto apimwe uzito kwanza. Aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kabla ya kumwona daktari. Fizi zikitoka damu, au choo kikiwa cheusi, nenda hospitali leo. Na ukiuziwa kidonge kisicho na pakiti, uliza jina lake kabla ya kulipa.