Dakika ya Kwanza Mbele ya Mnunuzi: Namna ya Kuanza Wasilisho la Biashara kwa Kiingereza

Mazungumzo kwa vikundi vya wafanyabiashara wadogo wa Kaunti ya Kisumu



Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Mama anayeuza omena katika soko la Kibuye anaijua methali hii kwa vitendo. Mteja akisimama mbele ya karai, mama hutaja bei, huchota omena kiganjani amwonyeshe ilivyo kavu, na biashara imeanza. Lakini mama huyo huyo akiitwa kueleza mradi wa kikundi chake kwa Kiingereza mbele ya afisa wa mikopo au mnunuzi mgeni, mambo hubadilika. Huwatambua wageni mmoja baada ya mwingine, huomba radhi kwa Kiingereza chake, kisha husimulia historia ya kikundi tangu mkutano wa kwanza. Amepewa dakika tano. Tatu zimekwisha, na hakuna aliyejua bado anauza nini wala anataka nini.

Hasara hiyo si ndogo. Serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mikopo ya vikundi ipo. Wageni nao huja: mwezi Mei 2022 Kisumu ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Africities, uliowaleta viongozi wa miji na kaunti kutoka pande nyingi za Afrika. Nafasi kama hizo hupita upesi, na mara nyingi mazungumzo yake huwa kwa Kiingereza.

Jambo la kwanza ni kuacha kuomba radhi. Anayeanza kwa kusema "Sorry, my English is not good" amemwambia msikilizaji ahesabu makosa badala ya kusikiliza biashara. Mnunuzi hakuja kusahihisha mtihani. Anataka kujua kama mzigo utafika, ukiwa safi, kwa bei waliyopatana.

Jambo la pili ni salamu. Desturi ya kuwaheshimu wakubwa ni nzuri na haifai kutupwa. Hata hivyo, heshima hutosha katika sentensi moja. Kama mwenyekiti wa kikao amekwisha kuwatambua wageni, "Good morning" na shukrani fupi kwa mwenyeji vinatosha. Kurudia orodha nzima ya vyeo ni kula muda wa biashara.

Jambo la tatu ndilo kubwa zaidi: mwanzo mzuri hujibu hofu ambayo msikilizaji amekuja nayo. Wafanyabiashara wa samaki wa ziwa hili walijifunza hilo kwa gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa nyakati tofauti, kwa hofu ya kipindupindu na baadaye ya sumu iliyodaiwa kutumika katika uvuvi. Viwanda vya mbuta viliumia, na wavuvi wakaumia pamoja navyo. Swali la usafi ndilo lililofunga soko, na lingali swali la kwanza la mnunuzi wa samaki. Anayelijibu mapema humtuliza, na yote yanayofuata husikilizwa vizuri.

Mfano ni kikundi cha wanawake ishirini wanaokausha omena. Omena huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa asubuhi. Ikitandazwa chini huchanganyika na mchanga, na mvua ikinyesha huharibika, ikaishia kuuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Ikianikwa juu ya vichanja, hewa hupita chini na juu na mchanga hauifikii. Msemaji wa kikundi hicho anaweza kuanza hivi:

"Good morning. We are twenty women from Usoma. Every week we dry four hundred kilos of omena on raised racks, so there is no sand in it. We are asking for three hundred thousand shillings to build ten more racks before the long rains."

Baada ya salamu zipo sentensi tatu tu. Ya kwanza inasema ni nani wanaozungumza na wametoka wapi. Ya pili inataja bidhaa na kiasi chake, na papo hapo inajibu hofu ya mchanga. Ya tatu inasema wanaomba nini, kwa kazi gani na kwa nini sasa. Hakuna neno gumu ndani yake, na zikisemwa polepole hazimalizi nusu dakika. Historia ya kikundi, vyeti na picha za projekta vitafuata, kwa kuwa msikilizaji sasa anajua anavitazama kwa sababu gani.

Matamshi nayo yasimtie mtu hofu. Dholuo haina sauti ya "sh", kwa hiyo "fish" ya wengi hapa hutoka kama "fis", na mnunuzi huelewa bila shida. Penye hatari ni kwenye hesabu. "Fifteen" na "fifty" hukaribiana masikioni, vivyo hivyo "thirteen" na "thirty", na kosa hapo ni la pesa. Kila tarakimu isemwe polepole, na iwe imeandikwa kwenye karatasi ambayo msikilizaji anaiona.

Ikumbukwe pia kwamba Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Katika ofisi ya umma mwananchi anaweza kuomba kuzungumza Kiswahili bila aibu. Kiingereza kinahitajika pale ambapo msikilizaji hana lugha nyingine, na mpango wa sentensi hizo tatu unafaa katika lugha yoyote.

Mazoezi hayahitaji ada. Siku ya chama, kila mwanachama asimame aseme salamu na sentensi zake tatu, mwenzake akipima muda kwa simu. Kisha aitwe mtu asiyekijua kikundi, hata kijana wa bodaboda aliye nje, asikilize mara moja na kuulizwa: wanauza nini, kiasi gani, na wanaomba nini? Akijibu yote matatu, mwanzo umekamilika. Akikwama, sentensi iliyomkwamisha ndiyo ya kurekebishwa kabla ya siku ya mnunuzi.