Rubani Asemapo Uongo Mbele ya Wachunguzi



Hapa Msamvu hakuna haja ya kueleza kirefu maana ya ajali. Tarehe 10 Agosti, 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Baada ya msiba wa namna hiyo swali la kwanza huwa ni: nani akamatwe? Ni swali la haki. Lakini mchunguzi wa ajali za ndege haanzii hapo. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 chasema kwamba shabaha pekee ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama.

Ndiyo maana neno la rubani lina uzito. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba. Walikuwamo watu 43. Walikufa 19, na miongoni mwao marubani wote wawili. Wale waliokuwa wakiiongoza ndege hawakuwapo tena kuulizwa. Basi rubani aliye hai anapodanganya, huwanyima wachunguzi kwa hiari yake kitu ambacho kule Bukoba kilizuiwa na mauti.

Kisa cha Marekani chafaa kutazamwa. Mwezi Novemba, 2021, rubani mmoja huko California aliruka kwa parachuti kutoka katika ndege yake ndogo, akisingizia kwamba injini imezimika. Kumbe alikuwa amefunga kamera ndegeni, apate filamu ya kutangazia bidhaa za mfadhili wake! Wachunguzi walimwagiza ayahifadhi mabaki. Akadai hajui yalipo. Kisha akayanyanyua kwa helikopta, akayakatakata na kuyatupa. Mwaka 2022 alinyang'anywa leseni, na mwaka 2023 alikiri mahakamani kwamba aliharibu mabaki hayo ili kuukwamisha uchunguzi. Sheria iliruhusu kifungo cha hadi miaka 20. Yeye alipewa miezi 6. Ni kidogo mno, hata kama hakufa mtu.

Sheria za Tanzania nazo hazikunyamaza. Kwa mujibu wa Kanuni za Adhabu, ni kosa kumpa mtumishi wa umma habari ambazo mtoaji anajua kuwa ni za uongo. Na shahidi adanganyaye kwa makusudi katika shauri aweza kufungwa hadi miaka 7.

Hata hivyo, ukali huo hauna budi kuwa na mpaka. Rubani aliyekosea kukadiria urefu, akakiri waziwazi, akitupwa gerezani kwa sababu ya maneno yake hayo, wenzake wote watafunga midomo. Walimu wanalijua jambo hili vyema: mtoto achapwaye kwa kusema kweli, kesho huja na hadithi. Kwa hiyo Kiambatisho hicho hicho chataka maelezo ya mashahidi na sauti zilizonaswa katika chumba cha marubani zisitolewe kwa matumizi mengine, isipokuwa mamlaka husika imepima na kuridhika kwamba faida yazidi madhara. Kinga hiyo aliwekewa mwenye kusema kweli. Aliyeficha mabaki, au aliyefuta sauti, hakuwekewa.