Masomo redioni, mwanafunzi machungani

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule. Taasisi ya Elimu Tanzania ikaandaa vipindi vya masomo, vikarushwa redioni na kwenye televisheni.

Jambo jema. Lakini saa za vipindi na saa za kazi Singida vijijini ni vitu viwili. Mtoto wa Mkalama au Ikungi akishinda nyumbani huhesabiwa nguvukazi. Kipindi cha hisabati kikianza, yeye yuko machungani na ng'ombe, au shambani kwenye alizeti. Redio ya betri imebaki kwa babu, na simu yenye intaneti, kama ipo, iko mfukoni mwa baba mnadani.

Kidato cha sita walirudi Juni 1, shule nyingine zote Juni 29. Dawati moja likawapokea aliyesikiliza vipindi na asiyevisikia kabisa.

Mpango wa dharura ijayo uandikwe wilayani, na walimu wanaozijua kaya: nani ana redio, nani apelekewe kitini cha karatasi. Orodha hiyo iandaliwe sasa, shule zikiwa wazi.